Nyota Tuliyemsajili kwa Mtamba

Mpendwa Baba Minza,

Mwadila. Najua hutaitikia, lakini mimi nililelewa kusalimia kwanza ndipo nigombane, na leo nina ugomvi na wewe. Ni ugomvi wa kicheko, usiogope.

Redio ndiyo iliyouanzisha. Jana Minza alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi, akaiwasha redio na kuiweka juu ya ndoo, tukawa tunawasikiliza watu wa Dar es Salaam wakibishana. Timu moja kubwa imesajili mchezaji kutoka nje, jina lake linavunja ulimi. Mmoja anasema nyota huyo ataiinua ligi yetu nzima. Mwenzake anasema atainua timu yake tu na wauza jezi, wengine watabaki wanamkodolea macho. Minza akaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" Mimi, Baba Minza! Mimi ambaye maisha yako yote hukufanikiwa kunifikisha uwanjani hata siku moja. Nikacheka mpaka punje zikanimwagika mapajani. Mtoto akadhani nimepaliwa. Nikamwambia, "Mwanangu, swali hilo baba yako alishalijibu zamani, tena kwa ng'ombe wangu."

Basi nimeona nikuandikie. Wewe usipoisoma, watu wapo watakaoisoma, na wanaobishana ni wengi.

Unakumbuka ligi yako ilivyokuwa imechoka? Enzi za ushirika timu zilikuwa na mzazi. Lori lililobeba pamba siku za kazi ndilo lililobeba wachezaji Jumamosi, na mipira ilikuja pamoja na mbegu na dawa ya kupulizia. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, kila mmoja chini ya turubai lake, maduka yakajaa vitu ambavyo juzi tu tulikuwa tunavisikia, mitumba ikamwagwa chini mpaka njia ikafungwa. Sikatai, tulifurahi. Nilinunua sufuria zenye mifuniko yake halisi. Lakini ushirika ulikunja mkeka, na mpira ukabaki yatima.

Vijana wa kijiji cha Dutwa wakawa wanakuja kwetu Bariadi mjini kwa baiskeli, wamepakiana, wanafika wamechoka kuliko watu waliokwisha kucheza. Fulana zao zilikuwa za mitumba, kila moja na maandishi yake. Golikipa wao alivaa fulana yenye picha ya maharusi, watu tusiowajua, wanacheka kifuani pake huku mabao yanapita pembeni. Watazamaji walikuwa wewe mwenyekiti wa chama cha mpira, mwalimu mwenye filimbi, na mbuzi.

Na wenye miguu walikuwa wapi? Kwenye mbina. Pamba ikishauzwa, Jumamosi ya Msukuma ni ya ngoma, wewe ulilijua hilo toka tumboni. Mlikuwa Bagika ukoo mzima, sisi kwetu Bagalu ukoo mzima, na siku makundi hayo mawili ya ngoma yakikutana, hakuna mtu Bariadi yote anayebaki nyumbani ila mgonjwa na anayemuuguza. Kila kundi linacheza upande wake kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi wa kutoa alama. Miguu ya watu ndiyo huamua. Upande utakaojaza watu mpaka jua linazama, huo ndio umeshinda, na walioshindwa watataniwa mwaka mzima. Kaka yangu Masanja, shemeji yako, alikuwa manju wa Bagalu kule Dutwa. Akifungua mdomo kuimba, hata kuku walimsogelea. Wewe ulitaka kushindana na huyo kwa mpira uliotobolewa na miiba.

Nilikuwa nakutania sana kwa hilo. Ukivaa kofia yako ya Jumamosi, unaniuliza, "Je, leo utakuja?" Nami nakujibu, "Bado. Nitakuja siku mpira utakapojifunza kucheza ngoma."

Lakini siku moja nilinyamaza. Ulirudi kutoka ofisi za wilaya, ukakaa mbele ya cherehani yako, na mguu wako haukukanyaga. Nilikuletea viazi vya matobolwa na maziwa mgando, hukugusa. Ndipo ukaniambia kuna mnunuzi wa pamba anayekitaka kiwanja kile awe anarundika mzigo wake, na wakubwa wamesema watakuja wenyewe kuangalia fainali ya mwaka ule. Wakikuta watu, kiwanja kitabaki cha mpira. Wakikuta mbuzi, kitakwenda.

Ukasema tena neno ambalo hukuwahi kuniambia kabla. Ukasema ulipokuja mjini kutoka Mkula, kijana mwenye mkasi na nguo moja, ulikaa siku nyingi hakuna anayejua jina lako. Siku ya kwanza kuitwa kwa jina lako hapa Bariadi, uliitwa uwanjani, na mtu aliyetaka umpasie mpira. "Wakikichukua kiwanja kile, Mama Minza, mimi nitakuwa mgeni tena." Sikukutania siku ile. Nilikaa karibu yako tu, nikaokota vipande vya nyuzi.

Kesho yake ukapanda basi kwenda Mwanza kununua vifungo. Vifungo ulivisahau. Ulirudi na Mukendi.

Namwona hata sasa anashuka ngazi za basi, mrefu, kipara kinang'aa, begani begi la viatu. Alikuwa ametoka Zaire, Lubumbashi, na ukweli ni kwamba alikuwa amewahi kuwa mtu mkubwa huko, uwanja mzima ukisimama kwa ajili yake, kabla goti halijamsaliti na nchi yake haijamchosha. Mwanza ulimkuta anafundisha watoto kupiga danadana kwa chai na maandazi. Ukamwambia Bariadi kuna ligi. Hukumwambia ligi yenyewe ina hali gani.

"Mama, mi nimekuja kukamata ile kazi ya mupira," akanisalimu, na Kiswahili chake kile chenye "mu" kila mahali kikanifanya nimpende kabla sijajua mlichoniandalia.

Na mlichoniandalia mlikijua nyote wawili! Hukuwa na fedha ya kumsajili nyota, hata wa kijiji. Ulimwahidi ng'ombe. Si ng'ombe yeyote, ulimwahidi Madoa, mtamba wangu, niliyepewa na baba yangu nilipokuzalia Minza, tena alikuwa ana mimba. Nililisikia jambo hilo kisimani, kwa wanawake. Nilirudi na ndoo tupu.

"Umemsajili mtu kwa ng'ombe wangu," nikakuambia, "na mimi sikuulizwa!"

"Nilijua utakataa," ukasema.

"Sasa unajua kwa nini mtu huulizwa."

Ukanitazama kwa macho yale ya kondoo. Ningeendelea, lakini nikakumbuka siku ile cherehani iliponyamaza. Nikasema sawa, ila ng'ombe halali nje ya zizi langu. Mukendi akashukuru mpaka akapiga magoti. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mtamba atafikaje Lubumbashi.

Masanja alipopata habari alikuja kwa baiskeli toka Dutwa makusudi kuja kucheka. Alikaa kwenye kiti chako cha kazi, akamtazama Mukendi akinyoosha viungo uani, kisha akakuambia, "Shemeji, umeleta dume la kigeni. Dume zuri, sikatai. Lakini zizi lako lina majike gani? Dume bila majike litakula majani tu, halafu litaondoka."

Ulikasirika ukamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akasema yeye hana wivu, ana mbina Jumamosi, hapa hapa mjini.

Na Jumamosi ile ya kwanza, Baba Minza, ulimshinda! Tuseme kweli. Watu walitoka kwenye ngoma, wakamwacha Masanja anaimba na vumbi, wakaenda kumwona mtu wa Zaire akiichezea timu ya mjini dhidi ya Dutwa. Walikuja na watoto mgongoni na michembe ya kutafuna. Mimi nilibaki na ng'ombe, lakini mliporudi nyote mlinisimulia kwa pamoja, kila mtu anamkatiza mwenzake, mpaka nikawa kama nilikuwepo.

Tatizo ni kwamba watu wetu walijua namna moja tu ya kutazama. Kwenye mbina ukimpenda mchezaji unamfuata. Basi Mukendi alipokimbia kushoto, umati mzima ukakimbia kushoto. Alipokata kulia, wakarudi kulia. Mstari wa chokaa ukafutwa kwa nyayo kabla ya mapumziko. Alipopaka goti lake dawa ya kuchua, Dutwa wakagoma wakisema anajipaka dawa ya kuvuta watu, kama manju, na kwamba na wao wapewe nafasi ya kujipaka. Mwalimu mwenye filimbi alitafuta kwenye kichwa chake sheria inayohusu jambo hilo, hakuiona.

Halafu mama yako! Mama yako mzazi, na mkongojo wake. Mukendi amewapita mabeki wote, amebaki yeye na yule golikipa wa maharusi, na mama mkwe wangu anaingia uwanjani na kitenge mkononi, anakwenda kumtuza. Maana mtu akicheza vizuri hutuzwa palepale, hangojwi amalize. Mukendi akamwona bibi mbele yake, akaukanyaga mpira, akasimama, akainamisha kichwa. Mama akamfunga kitenge shingoni, akapiga vigelegele, na watu wote wakaingia nyuma yake, huyu na kuku, huyu na yai. Ule mpira sijui nani alikwenda nao.

Dutwa walishinda mechi ile, maana wao waliendelea kucheza. Lakini watu wa mjini walitembea barabarani wakiimba kwamba wameshinda, kwa sababu umati ulikuwa kwao. Ulikuja unacheka mpaka unashika ukuta. "Mama Minza," ukaniambia, "ligi imepona!"

Haikuwa imepona. Wiki mbili, tatu, watu walijaa kila alipokuwepo Mukendi, na alipokuwa hayupo hakuja hata mbuzi. Wachezaji wenzake wakaacha kukimbia, wakawa wanampa mpira na kusimama kumtazama kama watazamaji wengine. Dutwa walicheza siku moja na timu nyingine pale pale Bariadi, ikawa ni kimya kama msibani. Nahodha wao akaja barazani kwako, akakaa kwa adabu, akasema, "Mwenyekiti, sisi tumekuwa majani." Alikuwa amemsikia Masanja. Akasema hawaoni sababu ya kuja tena.

Kisha goti la Mukendi likavimba, akapumzika Jumamosi moja, na siku hiyo watu wote wakarudi kwenye ngoma wakiwa wamejichangamsha. Tulisikia nyimbo za Masanja mpaka kwetu. Alikuwa ametunga wimbo juu ya dume la shemeji. Wimbo mzuri sana, samahani, niliuimba nikiosha vyombo.

Fainali ilikuwa inakaribia: Bariadi mjini na Dutwa. Wewe ukaanza kuomba goti la mtu lipone, asubuhi na jioni.

Nami nilikuwa zizini na huyo mwenye goti. Mukendi alikuwa amempenda Madoa kupita kiasi. Alikuwa anamkatia majani, anamtoa kupe mmoja mmoja, anamsemesha kwa lugha ya kwao. Siku ile nikamwuliza, "Hivi huko kwenu, ulipokuwa hauchezi, watu walikuwa hawaji?"

Akacheka. "Mama, kule batu banakuja hata kama wachezaji wote wako wagonjwa. Kule mutu anazaliwa na timu yake. Baba yake ni wa timu ile, shangazi yake ni wa timu ile. Mi nilikuwa mutu wa kupita."

Nilisimama na ndoo mkononi. Mtu anazaliwa na timu yake! Nikajiuliza, kwa nini Masanja akiugua Bagalu hawatawanyiki? Kwa sababu mimi si Mgalu kwa ajili ya Masanja. Ni Mgalu kwa ajili ya baba yangu na shangazi zangu, na nitazikwa hivyo ingawa nimeolewa na ninyi. Na timu zako, Baba Minza, zilikuwa za nani? Zilikuwa za ushirika, na ushirika ulikuwa umeondoka. Hapakuwa na mtu aliyezaliwa nazo.

Nikakuambia jioni ile ile, umekaa unakula. Nikasema, nenda Dutwa kwa Masanja, mwombe Bagalu waichukue Dutwa kuwa timu yao. Na Bagika wenu waichukue timu ya mjini. Na ngoma zihamie uwanjani siku ya fainali, kila upande nyuma ya timu yake.

Ukaacha kula. "Niende kumwomba Masanja? Aliyeniimba?"

"Alikuimba vizuri."

"Mama Minza!"

"Kiwanja unakitaka au heshima unaitaka?"

Ulikunywa maji kikombe kizima. Asubuhi nikaona baiskeli haipo.

Masanja mwenyewe ndiye aliyenisimulia mlivyoonana, miaka mingi baadaye, kwa sababu wewe ulikuwa unaruka sehemu hiyo. Alisema ulimkuta anapalilia vitunguu, ukasalimia, ukashika jembe la pili bila kusema neno, ukapalilia naye mpaka mwisho wa tuta. Kisha ukasema, "Shemeji, ulisema kweli. Dume ninalo. Nimekuja kuomba majike." Masanja alisema alitaka kucheka lakini machozi yakamtoka, akajifanya ni vitunguu. Akakujibu, "Bagalu wataichukua Dutwa. Lakini mjue tutawafunga, na nitawaimba tena."

Siku ya fainali ndiyo siku ambayo mimi na wewe tulisimuliana mpaka ulipofumba macho, na bado sijaichoka.

Tangu asubuhi barabara ya Dutwa ilikuwa vumbi tupu. Bagalu walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, ngoma zimefungwa nyuma, njuga zinalia. Masanja mbele na kofia ya manyoya. Wanaume wenu wa Bagika wakatokea upande wa sokoni wakiwa wamejipaka vumbi jeupe. Wewe uliondoka mapema kupiga chokaa. Ulimwambia Mukendi, "Usichelewe, baba. Wewe ndiye kila kitu leo." Akaitika, akakaa kizingitini kufunga viatu.

Ndipo Madoa akalala chini.

Nilijua mara moja kwamba si salama. Ndama alitanguliza mguu mmoja, wa pili umekunjwa ndani. Mji mzima ulikuwa umekwenda, hapakuwa na mwanamume wa kumwita. Nikamwambia Mukendi, "Wewe nenda, unangojewa." Alisimama pale, amevaa jezi, viatu vimefungwa, anatazama njia, anamtazama ng'ombe. Akavua jezi akaitundika kwenye boma. "Mama, ile ng'ombe ni mushahara yangu," akasema, "na ile ni rafiki yangu." Akapiga goti lake bovu kwenye samadi.

Tulihangaika, Baba Minza. Mimi nikashika kichwa cha Madoa, yeye akaingiza mkono kutafuta ule mguu, anauachia ng'ombe akisukuma, anautafuta tena. Jasho lilimtoka kuliko siku zote alizocheza. Na huko uwanjani ngoma zikaanza, za pande mbili kwa pamoja, kisha filimbi. Moyo wangu ulikuwa vipande viwili. Nilikuona wewe akilini, na kofia yako, unatazama njia ya kwetu. Nilingoja kusikia umati ukiuliza yuko wapi, ukiguna, ukianza kutawanyika. Mukendi naye alikuwa anangoja, nilimwona anavyotega sikio.

Sauti ilipanda. Ikapanda tena. Niliwasikia Bagalu wakiitikia wimbo, kisha Bagika wakijibu kwa nguvu zaidi, kisha ule mlio wa watu wanaoona kitu kwa pamoja. Hakuna aliyeondoka. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza, na kelele zile zilikuwa zinatetemesha debe la maji.

Mguu ukanyooka. Ndama akateleza mikononi mwa Mukendi, jike, mwenye madoa kama mama yake, akapiga chafya. Mukendi akakaa chini palepale, amejaa damu na matope mpaka kwenye kipara, akasikiliza. Uso wake ukafunguka.

"Mama," akasema, "batu hawaniulizi."

Nikadhani ameumia. Nikataka kumpoza. Kumbe anacheka! "Hawaniulizi, mama! Hata mumoja!" Akacheka mpaka akalala chali kwenye majani, nami nikacheka naye, na ndama anajaribu kusimama kati yetu, anaanguka, anajaribu tena. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akifurahi hivyo kusahauliwa.

Halafu ukaja wewe. Nilikusikia kabla sijakuona. Ulikuwa unakimbia, Baba Minza, na hukuwa mtu wa kukimbia. Kofia huna. Ulishika boma kwa mikono miwili, ukapaza sauti kama mtu aliyepata urithi.

"Tumefungwa, Mama Minza! Tumefungwa!"

Na machozi yanakutiririka kwa furaha! Ulisema wakubwa wa wilaya walikosa pa kukaa, wakasimama juu ya gari lao. Ulisema yule golikipa wa maharusi ameokoa mkwaju dakika za mwisho na Bagalu wamembeba. Ulisema mzee mmoja wa Bagika, asiyejua hata mpira una upepo ndani, amekataa kwenda nyumbani, amekaa katikati ya uwanja anadai mechi irudiwe. Wanawake wa mjini walikuwa wanalia, wanaume wanagombania nani alikosea, na kila mmoja anasema "mwaka kesho". Wakubwa walikuwa wamekushika mkono na kukuambia mnunuzi atafutiwe mahali pengine. Ulisema yote hayo kwa pumzi moja, ndipo ukamwona Mukendi na damu yake, na yule ndama.

"Yaani hukuja?" ukamwuliza.

Hukuwa umejua! Ulitazama njia mwanzoni, ukaniambia baadaye, halafu Dutwa wakapiga mwamba ukasahau.

Mukendi alikaa nasi mpaka mvua za kwanza. Alifundisha timu zote mbili, mjini siku hii, Dutwa siku ile, na vijana walijifunza kwake vitu ambavyo wana wao wanavifanya hadi leo bila kujua vilitoka wapi. Kwa hiyo sitamwambia Minza kwamba nyota hana kazi. Bila yule mtu mrefu watu wasingetoka kwenye mbina hata mara moja kuja kuona mpira ukoje. Siku ya kuondoka alisimama zizini muda mrefu. Tukamweleza desturi yetu, kwamba mali ya rafiki hukaa kwa rafiki, maziwa ya mtunzaji, uzao wa mwenyewe. Akasema, "Basi, uzao wangu uwe wa ligi." Akamkumbatia Madoa shingoni na kupanda basi. Habari zake zilikuja mara kwa mara kwa madereva, kisha zikakoma. Popote alipo, namshukuru: wabeja, wabeja sana.

Na ndivyo mambo yalivyo hadi leo. Kila mwaka bingwa anapewa mtamba wa uzao wa Madoa. Tuna mkoa wetu sasa, Simiyu, ungefurahi kuliandika jina hilo kwenye barua zako za chama. Masanja amezeeka, haoni vizuri, lakini anabebwa kwa pikipiki kwenda kuwaimba ninyi Bagika.

Mimi sikwenda uwanjani miaka ile yote, na unajua kwa nini. Ule utani wetu ulikuwa mtamu kuliko mpira. Nilikaa zizini nikasikiliza, na ukirudi nilikungoja mlangoni nikakutajia matokeo kabla hujafungua mdomo, maana sauti ya Bagalu wakifunga naijua na ya Bagika wakifunga naijua. Ulikuwa unashangaa kila mara, hata pale ulipokuwa hushangai. Nilikupenda sana ulivyokuwa unajifanya.

Tangu uondoke, kelele bado zinafika zizini, matokeo bado nayajua, ila mlangoni hapaji mtu wa kumtajia. Hilo ndilo zito kwangu, kuliko kitanda, kuliko kiti. Juzi vijana wa chama walikuja, wakakaa kwa adabu, wakasema mwaka huu wanataka mtamba akabidhiwe na mimi mwenyewe, uwanjani. Walitarajia nitasema "Bado". Minza pia alitarajia. Nikasema nitakuja.

Basi Jumamosi nakuja, Baba Minza. Nimeshafua kitenge. Nitakaa upande wa Dutwa, kwa watu wangu, na kofia yako nitaivaa, watu waseme wanavyotaka. Na kwa jinsi ninavyowasikia Bagalu wakifanya mazoezi, mtafungwa.

Wako, Mgalu uliyemwoa,

Mama Minza